Siku yangu na farasi wasiopandwa tena

Ukimwambia mtu unatunza farasi, anawaza mbio na matandiko ya ngozi. Farasi wetu hawapandwi. Wengine walivuta mikokoteni mpaka mabega yakachunika, wengine walistaafishwa mbio miguu ilipoharibika, wengine walikutwa zizini bila maji, mwenyewe keshaondoka. Farasi akiingia hapa kwenye makao yetu hatoki tena, hauzwi wala haazimwi. Farasi huishi miaka 25 hadi 30 na poni, wale farasi wa kimo kifupi, wengi huvuka hapo, kwa hiyo ukimpokea wa miaka 12 ujue umeahidi nini.

Saa 11 alfajiri. Kabla sijagusa ndoo ya chakula, nasimama kwenye kila zizi nikitazama tu. Farasi ni windo tangu kuumbwa kwake, na windo haonyeshi maumivu. Basi nasoma vitu vidogo: maji yamepungua kiasi gani, mavi ya usiku yakoje, nani ana majani ya kulalia yaliyonasa mgongoni. Hayo majani nayapenda sana. Farasi husinzia akiwa wima, lakini usingizi mzito huupata akijilaza. Mzee mwenye viungo vinavyouma huogopa kujilaza kwa sababu kuinuka ni shida, halafu usingizi unamzidi akiwa amesimama, miguu ya mbele inakunjika ghafla. Ukiona michubuko mbele ya vifundo vyake, ujue halali.

Saa 12, chakula. Meno ya farasi huendelea kuchomoza huku yakisagika, mpaka uzeeni yanakwisha. Asiye na meno hutafuna nyasi kavu kisha huziangusha zikiwa vibonge, tumbo tupu. Hao nawalowekea lusani, aina ya majani ya malisho, mpaka iwe uji. Aliyefika akiwa mifupa mitupu ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu huruma inakutuma umjazie ndoo, na ndoo hiyo inaweza kumuua: mwili uliozoea njaa ukipokea nafaka nyingi kwa mpigo, madini kwenye damu huporomoka na moyo ukasimama. Anapewa kidogo, mara nyingi, mchana na usiku, kwa wiki kadhaa. Mimi ndiye ninayeamka.

Kisha kuzoa mavi, toroli baada ya toroli. Farasi mmoja hutoa kilo 15 hadi 20 na zaidi kwa siku.

Saa 4 akaja mgeni na wanawe. Alianza vizuri, akauliza kama watoto wanaweza kupanda poni, nikamweleza kwa nini hapana. Akanyamaza kidogo, akaangalia huku na huku, akamwona poni wetu Tulia kwenye kiwanja cha mchanga, na ng'ambo ya uzio nyasi mbichi zimejaa. "Dada, huyu mnamtesa. Nyasi zote zile, yeye mmemfungia mchangani?" Nikamweleza. Nyasi changa zina sukari nyingi, na kwa poni kama huyu sukari hiyo huleta maradhi ya kwato: tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato huvimba na kulegea, mfupa ukashuka, na kwa wengine hutoboa hata wayo. Tulia alifika akiegemea nyuma kwa visigino, hawezi hatua tatu. Leo anatembea kwa sababu ya ule mchanga na nyasi kavu zilizolowekwa kupunguza sukari. Mgeni akasema yeye amekulia na mifugo, na kwamba ataripoti. Nikamwomba awatazame watoto wasimrushie majani, akaona namfukuza. Nilipokuwa namsindikiza langoni, mwanawe alikuwa tayari anang'oa konzi ya nyasi. Nikaipokea mkononi mwake kwa upole. Nilichoka kuliko nilivyochoka kwa toroli.

Mchana nikaona Shwari, jike mzee kuliko wote, hajagusa uji wake. Anaparapara chini, anageuza shingo kutazama ubavu. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima hunguruma muda wote. Lake lilikuwa kimya. Mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida hayafiki 45 kwa dakika, yalikuwa yamepita 60. Msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika, kilichoingia tumboni kina njia moja tu ya kutokea, na hiyo ikiziba hana msaada isipokuwa wetu. Daktari wa mifugo akasema yuko njiani, ila njia ni ndefu.

Tukaanza kumtembeza, mimi na kaka wa zamu, tukipokezana kamba, ili asijibwage chini na kugaragara. Sijui ilikuwa saa ngapi. Mizunguko, kusimama, kutazama rangi ya fizi, kuhesabu mapigo, mizunguko tena. Kwenye faili lake tumekwisha andika kwamba kwa umri wake hatapasuliwa. Dawa zikishindwa, atapumzishwa milele bila kucheleweshwa. Tuliyaandika siku akiwa mzima, akili zetu zikiwa zimetulia, na bado ukiwa umeshika kamba yake maneno hayo ni mazito. Utunzaji wa maisha yote una siku hiyo pia ndani yake, na asiyeweza kuisimamia asipokee mnyama.

Daktari akafika, akamchoma sindano ya maumivu, akapitisha mpira puani hadi tumboni, akammiminia maji na mafuta. Tukangoja. Jua lilikuwa limeshazama Shwari aliponyanyua mkia na kuangusha mavi, machache, makavu. Kaka alinikumbatia.

Usiku huu yuko chini ya uangalizi, kila saa mapigo na sauti ya tumbo vinaandikwa kitabuni. Zamu ya kwanza ni yangu. Kesho asubuhi anakuja mkata kwato, na Tulia ndiye wa kwanza.