Siku moja chini ya anga refu la Mtwara

Saa 11 na nusu alfajiri
Bodaboda anayenipeleka uwanja wa ndege ana swali lilelile: "Dada, leo mvua ipo?" Namwambia mimi si mtabiri, ni mwangalizi wa hali ya hewa. Kazi yangu ni kusema hewa ya hapa ikoje sasa hivi, kwa namba. Kutabiri ni kazi ya wengine. Jibu hilo halijawahi kumridhisha. Ananishusha getini, anatazama juu, anajitabiria mwenyewe.

Saa 12 asubuhi
Napokea zamu. Naanzia kwenye kisanduku cheupe kilichosimama nyasini. Ndani mna vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa kibichi, na tofauti ya visomo vyake ndiyo inayonipa unyevu. Mwezi wa pili huu, kaskazi ikivuma, nyuzi 25 zimeshafika kabla jua halijapanda, na nguo inanata mgongoni.

Kisha barometa. Uwanja wetu uko mita 113 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgandamizo wa hewa hucheza karibu na hektopaskali 1000. Namba hiyo ni uzito wa angahewa yote iliyo juu ya paa letu, matabaka yote matano. Ila uzito wenyewe umelalia chini: ukipanda kilomita 5 na nusu tu, nusu ya hewa umeshaiacha miguuni. Ukifika kilomita 16, imebaki kama sehemu moja ya kumi.

Saa 3 asubuhi
Namimina maji ya kipimamvua: milimita 14 kwa saa 24 zilizopita. Vituo vya nchi nyingi vinasoma vipimo dakika hizihizi, kwingine kukiwa bado usiku wa manane, ili ramani ya hali ya hewa iwe ya wakati mmoja.

Saa 5
Ndege ya Dar es Salaam inatua na kuondoka. Ripoti ya uwanja hutoka kila saa: upepo, umbali wa kuona, mawingu yamefunika sehemu ngapi kati ya nane za anga. Chai na muhogo wa kukaanga.

Saa 7 mchana
Wamekuja wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao wa jiografia. Nawapenda wageni hawa, maana wanauliza. Kijana mmoja akanyoosha kidole kwenye mstari mweupe ulioachwa na ndege kubwa iliyopita juu bila kutua. "Madam, ile iko stratosfia, si ndiyo?"

Hapo ndipo huwa nasahau chakula cha mchana. Michoro mingi ya shuleni inaonyesha troposfia, tabaka la chini kabisa la angahewa, ikiishia kilomita 11 au 12, na stratosfia ikianzia hapo. Kwa nchi za ukanda wa kati, Ulaya kwa mfano, hiyo ni sawa. Kwenye ncha za dunia hushuka hadi kilomita 8 hivi. Lakini huku kwetu, kwenye joto, hewa inapashwa na ardhi na bahari, inatanuka na kupanda kwa nguvu, na troposfia inafika kilomita 16 hadi 17. Ndege za abiria huruka kilomita 10 hadi 12. Basi ile ya Ulaya inaweza kuingia stratosfia kweli. Hii iliyo juu ya Mtwara bado imo troposfia, tena ina nafasi ya kutosha juu yake. Kijana akamtazama mwalimu wake. Mwalimu akacheka, akaandika.

Nikawaambia joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu kwa kila kilomita. Asiyeamini apande gari la Newala, ateremke pale juu ya uwanda wa Makonde jioni bila sweta. Kwenye ukomo wa troposfia yetu ni karibu nyuzi 80 chini ya sifuri, baridi kuliko ukomo huohuo juu ya ncha za dunia. Wengi hawatarajii hilo, lakini ndivyo: kadiri paa lilivyo juu, ndivyo joto linavyozidi kupungua njiani.

Nikawasimulia pia Mfaransa Léon Teisserenc de Bort, aliyerusha maputo yenye vipimo na kuona joto likikataa kushuka baada ya kilomita 11 hivi. Alishuku jua linapasha vyombo vyake, akayarusha usiku. Jibu likawa lilelile, na mwaka 1902 akalitangaza. Ndiyo stratosfia hiyo. Humo ozoni hufyonza mionzi ya urujuanimno, na joto hupanda hadi karibu kilomita 50. Mesosfia, tabaka linalofuata juu yake, nilipita haraka: baridi kali kuliko kote, na vimondo vingi huungulia humo.

Saa 9 alasiri
Wingu la radi limesimama upande wa Ruvuma. Limepanda, limepanda, kisha kichwa kikatandaa bapa, kama moshi unaogota kwenye paa la jiko. Ukomo wa troposfia ndio huo, unaonekana kwa macho: juu yake hewa ni ya joto zaidi, hivyo wingu linakosa nguvu ya kuendelea. Nikaandika wingu, upande na saa. Mvua ikatufikia baada ya nusu saa, kelele tupu kwenye bati.

Saa 12 jioni
Nakabidhi zamu.

Saa 2 usiku
Babu yuko barazani na redio yake ya masafa ya kati. Baada ya shikamoo akanitania: "Mjukuu wangu wa hewa, mbona mchana redio hii ni kiziwi, usiku inanasa hadi watu wa mbali?" Nikamweleza kwamba mchana jua huchaji hewa ya kilomita 60 hadi 90, na sehemu hiyo humeza mawimbi. Usiku inatoweka karibu yote, mawimbi yanafika themosfia, tabaka lililo juu ya mesosfia, na kurudishwa chini, mbali na yalikotoka.

"Huko themosfia kuna joto?"

"Zaidi ya nyuzi 1000, babu. Ila hewa ni chache mno, usingeungua."

"Muongo wewe," akasema, akazungusha kitufe akitafuta taarifa ya habari.