Nilipumzika kwanza, ndipo nikahama

Nilifika Winnipeg, Kanada, mwaka 2015 nikitokea Tanga, nikapata kazi jikoni katika makao ya wazee. Hoki ya barafuni sikuijua hata kidogo. Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa pale makaoni, ambaye hakukubali mtu aguse runinga ya ukumbi wa chakula Jets, timu ya hoki ya mji ule, wanapocheza. Ndiye aliyeniita niache masufuria usiku wa tarehe 19 Oktoba 2016. Jets walikuwa wamefungwa manne bila na Toronto, kisha kijana wa Kifini mwenye miaka 18, Patrik Laine, akafunga matatu, la mwisho katika muda wa nyongeza. Wakashinda 5–4. Yule mzee alinishika mkono akawa hauachii. Tangu siku ile nikawa namfuatilia Laine kama mtu wa mtaani kwetu.

Kwa asiyeujua mchezo huu: katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, mchezaji hauzwi kwa fedha kama kwenye soka. Timu hubadilishana, mtu kwa mtu, au mtu kwa nafasi ya kuchagua chipukizi wa miaka ijayo. Mchezaji anaweza kuamka yuko Winnipeg na jioni akawa anafunga virago kwenda Ohio. Ndivyo ilivyomkuta Laine Januari 2021, alipopelekwa Columbus, timu ya jimbo hilo. Novemba mwaka huohuo baba yake akafariki.

Baba yangu alifariki Machi 2022. Alipata kiharusi asubuhi, jioni amekwisha kuzikwa, na ndivyo inavyotakiwa kwetu. Kutoka Winnipeg hadi Tanga ni safari ya siku mbili. Nilimzika baba kwa simu ya video, nimesimama kwenye chumba cha baridi cha jikoni kwa sababu ndipo palipokuwa na utulivu. Kaka yangu alishika simu juu ya vichwa vya watu. Niliona mgongo wa kanzu, nikaona udongo, kisha mtandao ukakatika. Nikatoka nikaenda kumalizia supu ya wazee.

Nililia usiku ule tu. Baadaye nikajiona nimekuwa mtu mgumu, nikajisifu moyoni, na hapo ndipo nilipokosea. Huzuni ilikaa kimya karibu mwaka mzima kisha ikaingia kwa mlango mwingine. Nikaanza kuamka saa nane usiku, kila usiku. Nikawa napika chakula cha watu themanini na mimi mwenyewe kijiko hakipandi. Mama akipiga simu naiangalia inavyolia mpaka ikatike, kwa sababu najua neno lake la kwanza. Mama huniita "baba" tangu utotoni, maana nimepewa jina la baba yake mzazi, na swali lake halibadiliki: "Baba, umekula?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Wenzangu wa Kitanzania pale Winnipeg walinisaidia kwa walivyojua. Mmoja alinisomea dua, nami namshukuru hadi leo. Mwingine alisema niongeze zamu, kazi itanisahaulisha. Nikaongeza. Karibu wote walinishauri nihame mji. Binamu yangu yuko Montreal, wakasema nenda huko, Winnipeg ina baridi na ina kumbukumbu mbaya. Tangu Novemba 2023 nilikuwa karibu kuhama. Ningehama katika hali ile, nafikiri ningeanguka mahali nisipojua hata lugha.

Kilichonizuia ni habari ya Januari 2024. Laine, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa amevunjika mtulinga, aliingia kwenye mpango wa msaada unaoendeshwa na ligi pamoja na chama cha wachezaji, ili ashughulikie afya yake ya akili. Niliisoma ndani ya basi nikienda kazini. Niliisoma tena na tena. Mtu niliyemwona akiinua ukumbi mzima wa wazee vitini alikuwa amesimama katikati ya msimu kwa ajili ya afya yake. Hakusema anataka timu nyingine. Alitaka msaada.

Jamaa walinionya nisijilinganishe na mtu anayelipwa dola milioni 8.7 kwa msimu. Ni kweli, fedha zake na zangu haziko hata karibu. Lakini mimi sikutazama fedha. Nilitazama ule mpangilio wa mambo: kupumzika kwanza, kuhama baadaye.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kliniki isiyohitaji miadi. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, maana nilijua nikifika nitasema naumwa kichwa. Nikamkabidhi daktari karatasi, akaisoma, akaniuliza maswali mengi kwa upole, kisha akaandika kwamba sifai kufanya kazi kwa sasa. Nilimwogopa zaidi meneja wangu. Alishusha pumzi akauliza nani atashika zamu zangu. Sikuwa na jibu, na kwa mara ya kwanza sikujitolea kulitafuta.

Hapa nataka nieleze kwa kirefu, kwa sababu wahamiaji wengi Kanada hawajui haki hii. Fedha tunazokatwa kwenye mshahara kwa ajili ya bima ya ajira si za kufukuzwa kazi peke yake. Zinalipa pia ugonjwa, na huzuni, daktari akithibitisha kwamba inakuzuia kufanya kazi, inahesabika. Tangu Desemba 2022 muda wa malipo hayo umepandishwa kutoka wiki 15 hadi 26. Unahitaji saa 600 za kazi zilizokatwa bima katika mwaka uliopita, cheti cha daktari, na hati ya ajira kutoka kwa mwajiri. Wanalipa asilimia 55 ya mshahara, kuna kiwango cha juu, na wakati wangu, mwaka 2024, wiki ya kwanza haikulipwa. Usikae zaidi ya wiki nne baada ya siku yako ya mwisho kazini kabla ya kuomba, unaweza kupoteza malipo. Mimi niliomba siku ya tatu, binamu akinielekeza kwa simu sehemu moja baada ya nyingine.

Asilimia 55 ni kidogo. Niliacha kutuma fedha nyumbani kwa miezi mitano, na kumwambia kaka jambo hilo kuliniuma kuliko kumwambia daktari. Akanijibu, "Pona kwanza, bwana mdogo. Sisi tupo."

Mengine ya miezi ile ni ya kawaida: dawa, mshauri kila Jumanne, kutembea kandokando ya Mto Red hata theluji ikiwepo. Katika kikao kimoja nilieleza ile simu ya mazishi tangu mwanzo hadi mtandao ulipokatika. Ilichukua saa nzima. Usiku ule nililala mpaka saa kumi na moja.

Julai Laine aliruhusiwa kurudi mchezoni, na yeye na Columbus wakakubaliana kwamba ni bora aanze upya kwingine. Tarehe 19 Agosti 2024 akapelekwa Montreal. Siku hiyo mimi nilikuwa nimekwisha kukata tiketi ya kwenda mji huohuo, tarehe 2 Septemba. Nilikaa kitandani nikaangalia ukuta kwa muda mrefu.

Mapatano yale yaliniuma kwa niaba yake. Columbus walimtoa yeye, wakaongeza na nafasi ya raundi ya pili ya kuchagua chipukizi, ili wapate beki mmoja, Jordan Harris. Sokoni kwetu muuzaji akikupa fungu la nyanya kisha akakujazia nyongeza bila kuombwa, unazigeuza uone zina nini. Nilijua hisia hiyo. Nami nilikuwa naingia Montreal na pengo la miezi sita kwenye maelezo ya kazi. Nilipoulizwa kwenye usaili, niliwaambia nilikuwa mgonjwa na nimetibiwa. Wawili hawakunipigia tena. Wa tatu, jiko dogo la shule, walinichukua zamu ya mchana.

Tuliishi Côte-des-Neiges, mimi na binamu, mtaa ambao kwenye ngazi unasikia lugha tano. Jioni nikawa nakwenda darasa la Kifaransa, ambalo serikali ya Quebec huwapa wahamiaji bila malipo. Namba ya kwanza niliyoiandika mlangoni ni 811: ukibonyeza 2 unazungumza na mtu wa huduma za jamii, saa yoyote. Nimeipiga mara mbili. Moja ilikuwa mwishoni mwa Septemba, nilipoanza tena kuamka saa nane.

Wiki ileile Laine aliumia goti kwenye mechi ya maandalizi dhidi ya Toronto, hajacheza hata mechi moja ya ligi. Alikaa nje miezi miwili. Nami niliongezewa dawa, nikapunguza siku za darasa, nikasubiri.

Alirudi tarehe 3 Desemba, nyumbani, dhidi ya Islanders wa New York. Binamu alipika wali wa nazi na samaki. Katika kipindi cha pili, mpinzani mmoja akiwa ametolewa kwa kosa, Laine alipiga moja kwa moja, nyavuni. Ukumbi ulisimama wote, nasi tulisimama sebuleni, na nilimkumbuka yule mzee wa Winnipeg na mkono wake. Canadiens, ndiyo timu ya Montreal, walishinda 2–1 katika muda wa nyongeza.

Tanga ilikuwa karibu saa kumi na mbili asubuhi, mama ameshaswali. Nikampigia mimi.

"Baba, umekula?"

Nikamwambia nimekula wali wa nazi, samaki, na mchuzi uliobaki nimeumalizia kwa chapati. Akataka kujua ni samaki gani.