Masizi kwenye Bega la Ganda

Mwaka 2006, wakati wa mgao mkali wa umeme ulioletwa na ukame na kupungua kwa maji mabwawani, nilikuwa najifunza ukerezaji katika karakana moja ya Unga Limited, Arusha, na siku nyingi mashine ya kereza ililala kutwa nzima huku sisi tukifanya kwa mkono kila kilichowezekana. Katika siku hizo alikuja mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uwindaji kwa miaka mingi, akiwa na bunduki iliyofungwa katika turubai na boksi dogo lenye dai, kifaa cha chuma cha kurudishia maganda ya risasi kwenye umbo lake. Fundi wangu hakugusa chochote kabla ya kuonyeshwa leseni, aliisoma yote, akalinganisha namba zake na za kwenye bunduki, ndipo akasema, "Karibu, mzee mwenzangu. Tuambie inasumbua wapi."

Dai niliyoijua mimi ni ile ya kukatia uzi wa bomba na nondo. Hii ilikuwa silinda ya chuma kigumu, nje ina uzi wa inchi 7/8 wenye meno 14 kwa kila inchi, na ndani imechongwa kwa umbo la ganda la risasi. Risasi inapopigwa, ganda lake la brasi hutanuka mpaka likabana kuta za chemba, yaani tundu la bunduki inamokaa risasi, kwa hiyo kabla ya kujazwa tena ni lazima lisukumwe ndani ya dai lirudi kwenye kipimo. Bunduki yenyewe ilikuwa ya kaliba .30-06, ile iliyoanza katika jeshi la Marekani mwaka 1906, ambayo ganda lake halina ukingo uliotokeza kitakoni; linachoegemea ndani ya chemba ni bega lake, pale linapopungua kuelekea shingoni. Mzee alikuwa ameiteremsha dai mpaka mdomo wake ukagusa kishikio kinacholishika ganda kitakoni, na bado bega halikurudi vya kutosha, hata bolti, kile kifungio cha chemba, ikawa haifungi mpaka aigandamize kwa kiganja.

Nilisema tusubiri umeme, tukate robo milimita mdomoni mwa dai ili ganda liingie ndani zaidi, kazi iishe.

"Umejuaje kuwa ni bega?" fundi aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Aliitoa pini ya kufyatulia, akawasha kibatari, akalishika ganda tupu juu ya moshi mpaka likawa jeusi lote, kisha akaliingiza katika chemba na kufunga bolti polepole. Lilipotoka, shingo na kiwiliwili vilikuwa bado vyeusi, lakini begani kulikuwa na pete inayong'aa, masizi yamefutika kabisa. Nimetumia vipimo vingi vya gharama tangu siku ile, na bado naamini sijaonyeshwa kingine kinachosema wazi namna hiyo mahali vitu viwili vinapogusana.

Kuhusu robo milimita yangu, alinieleza kwa ukali kidogo kwamba bega likisukumwa nyuma kupita kiasi ganda hukosa egemeo, na risasi inapolipuka kitako hurudi nyuma huku ukuta wa mbele umeng'ang'ania chemba, brasi ikavutika katikati na hatimaye kukatika, na gesi ya moto ikaweza kumrudia mpigaji usoni.

Tupa iliteleza juu ya chuma kile bila kukwaruza. Basi tulilaza msasa wa maji juu ya kipande cha kioo cha dirisha, tukatia mafuta, nami nikaisugua dai ikiwa wima, kwa mwendo wa namba nane, nikiigeuza robo mzunguko kila baada ya muda ili mdomo usiliwe upande mmoja. Ilikuwa kazi ya saa nyingi. Kila tulipopunguza kama 0.05 ya milimita, kwa kupima pande nne kwa maikromita, mzee alibana ganda jingine lililokwisha kupigwa, tukalipaka masizi na kulijaribu. Mara ya kwanza pete iling'aa vilevile. Mara ya pili ilikuwa nyembamba. Mara ya tatu yalibaki madoa mawili matatu tu, na bolti ikashuka kwa kidole kimoja.

Nilidhani tumemaliza. Fundi akapitisha ukucha ndani ya mdomo wa dai, akanipa nami nipitishe: ukingo uliokuwa mviringo sasa ulikuwa mkali, na ungekwaruza kila ganda. Nilizungushia msasa laini kwenye kijiti nikaulainisha, kisha tukaiosha dai kwa mafuta ya taa mpaka kitambaa cheupe kikatoka safi. Maganda matano yaliyofuata yaliingia yote.

Kabla ya kuifunga, fundi aliandika namba ya bunduki juu ya boksi, akamwomba mzee asimwazime mtu mwingine dai ile hata kama kaliba ni ileile, kwa kuwa tangu saa hiyo ilikuwa ya chemba moja tu.