Ndizi ya Kitanda cha Pili

Juzi mdogo wangu karusha kwenye grupu la familia picha ya mkungu wa ndizi, juu yake maandishi mekundu: "Kula ndizi, iage presha." Shangazi akajibu amina. Mimi nikamkumbuka yule muuguzi wa wodi ya wanawake.

Mama alikuwa ameinama jikoni kwake Tukuyu apulize moto, akashindwa kuinuka kwenye kigoda. Mapaja yalikuwa yamegoma. Tukamleta Mbeya mjini, wakampima damu: potasiamu, madini yanayoendesha misuli na moyo, ilikuwa 2.8, wakati inatakiwa isishuke chini ya 3.5. Daktari, kijana mdogo tu, akamwamkia shikamoo kisha akaomba aone dawa anazotumia. Mama akafungua fundo la kanga, vikatoka vidonge vya kupunguza maji mwilini alivyoandikiwa kwa ajili ya presha. Daktari akasema baadhi ya dawa za aina hiyo humwaga potasiamu kwenye mkojo.

"Na chakula, mama, unakula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na chai."

Anayeijua Rungwe, wilaya ya huko Tukuyu, atacheka. Nyumba imezungukwa na migomba, parachichi zinaangukia bati usiku kucha. Lakini mkungu unashuka barabarani kwa wachuuzi, parachichi nzuri zinaondoka na wenye magari, maharage yanangoja ada za wajukuu. Siku akipika viazi anavimenya, anavikatakata, anachemsha, maji anamwaga, na potasiamu nyingi inakwenda na maji hayo. Daktari akatueleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau miligramu 3,510 kwa siku, na ndizi moja ya wastani ina kama 400 tu. Kwa hiyo ndizi peke yake hazimfikishi mtu. Inatakiwa sahani yenye maharage, viazi, mchicha, na parachichi pembeni. Mama akamsikiliza kama mtu anayesomewa orodha ya mali yake mwenyewe.

Akalazwa wodi ya wanawake, akabadilishiwa dawa. Ndugu waliposikia habari ya ndizi, wakashuka na ndizi. Chini ya kitanda hapakuwa na pa kuweka ndala.

Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Umalila, amevimba uso, hana mgeni siku ile. Mama akachagua ndizi iliyoiva vizuri, akampa. Bibi akaimenya taratibu, ganda likaning'inia pande tatu, akaipeleka mdomoni. Hapo ndipo muuguzi alipoingia na sinia la sindano.

"Bibi! Nani kakupa hiyo?"

"Mimi," Mama akasema.

"Mama, huyu figo zimechoka. Potasiamu haitoki, ikijaa inasimamisha moyo. Ndizi, maharage, parachichi, asiguse mpaka daktari aseme."

"Mimi nimeambiwa nile."

"Wewe kula. Yeye asile."

"Chakula kilekile?"

"Kilekile, mama."

Muuguzi akaichukua ile ndizi mkononi mwa bibi na kuirudisha kwenye godoro la Mama. Kwetu chakula ulichokwisha kumpa mtu hakirudi. Mama hakuila, hakuitupa. Alilishika ganda, akalipandisha upande mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka ndizi ikafunikwa yote, akaisukuma nyuma ya mto. Bibi wa Umalila alikuwa anajifuta vidole kwenye shuka, kimoja kimoja. Halafu akamgeukia Mama na kusema, kwa Kinyakyusa, ndaga. Asante ya ndizi ambayo hakuionja.

Tangu hapo Mama akawa anakwenda kula ndizi zake nje, kwenye benchi la wasindikizaji, baridi ikimpiga, kwa sababu eti huwezi kutafuna mbele ya mwenzio aliyekatazwa. Tulimbembeleza, wapi.

Miguu ilirudi. Kwa kuwa dawa na chakula vilibadilika kwa pamoja, sijui nani kamponya. Yeye anasema maharage, na kliniki anaambiwa asiache kupima damu. Mikungu bado anauza, ila siku hizi anabakiza chane moja ya nyumbani. Na mgeni akibisha hodi Tukuyu, hakaribishwi ndizi hivihivi. Kwanza anaulizwa habari za figo zake.