Muhuri wa Mama mdogo

Tarehe ile niliisoma mimi kabla yake. Ilikuwa jioni ya Machi 12, 2016, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege wa Columbus, Ohio. Mama mdogo alikuwa ametoka Tanga kwa basi mpaka Dar es Salaam, halafu ndege tatu: Addis Ababa, Washington, Columbus. Miguu ilikuwa imemvimba, na koti nililomletea hakutaka kulivaa mpaka amalize kulitazama tumbo langu la miezi minane. Alipomaliza, akachomoa pasipoti kwenye kipochi alichokifunga kiunoni chini ya gauni, akanikabidhi.

"Nitunzie hii, mwanangu. Wewe ndiye unayeijua nchi hii."

Niliifungua chini ya taa ya gari. Viza aliyopewa ubalozini Msasani ilikuwa ya mwaka mzima, inaisha Januari 2017. Ukurasa wa pili yake ulikuwa na muhuri wa Washington, na juu ya muhuri ofisa ameandika kwa mkono, kwa kalamu ya bluu: B-2, yaani mgeni wa kutembea, halafu SEP 11 2016. Hapa ndipo ndugu zetu wengi hupotea. Viza ni ruhusa ya kuja kubisha hodi. Anayekufungulia mlango ndiye anayesema utakaa mpaka lini, na neno lake ni ile tarehe ya kwenye muhuri, hata kama viza bado ina miezi mbele yake. Mama mdogo hakulijua hilo. Mimi nililijua, nilikuwa na miaka sita Marekani. Nikaifunga pasipoti, na tulipofika nyumbani nikaiweka kwenye droo yangu, chini ya kanga.

Mama mdogo na marehemu mama ni tumbo moja. Mama alifariki mwaka 2009, kwa hiyo alikuja kushika nafasi ya dada yake. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akanikataza kushika ndoo. Usiku mtoto akilia, alikuwa ameshambeba kabla mimi sijafumbua macho. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walikuwa wanatusema sisi, maana mimi nilipona kweli, mwili na akili.

Shida ilikuwa kazi. Nyumbani Tanzania sheria inampa mzazi siku 84 za likizo yenye malipo. Marekani sheria ya nchi inatoa wiki 12 bila malipo, tena mpaka uwe umemfanyia mwajiri huyo kazi miezi 12. Mimi nilikuwa na miezi minane kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nahudumia wagonjwa. Mtoto alizaliwa Aprili 9. Mei haijaisha nilikuwa nimerudi zamu ya usiku, maziwa yakinilowesha sare. Mume wangu alikuwa anabeba maboksi ghalani, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Kituo cha kulelea watoto kilichokuwa karibu kilitaka dola 215 kwa wiki kwa mtoto mchanga. Bila Mama mdogo, mmoja wetu angeacha kazi na kodi isingelipika.

Katikati ya Agosti aliniuliza. Alikuwa amekaa mezani anachambua mchele wa duka la Wahindi, ambao hauna hata chuya moja, lakini alikuwa hawezi kupika mchele usiochambuliwa.

"Mwanangu, siku zangu zikoje? Tiketi yangu ni ya Septemba 3."

Mimi nilikuwa kwenye sinki nimempa mgongo. "Zipo, Mama mdogo. Viza yako ni ya mwaka. Tiketi tutaisogeza."

"Haya," akasema, akaendelea na mchele wake.

Wiki ileile nilichapisha fomu ya I-539, ya kuomba kuongezewa muda. Ada yake mwaka ule ilikuwa dola 290, na ilitakiwa itumwe kabla ya tarehe ya muhuri kufika. Nikaiweka juu ya friji. Kila nikirudi kutoka zamu naiona. Nilijiambia mwezi huu kodi, mwezi ujao nitatuma. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa kuomba. Ukiomba unaweza kukataliwa, na akikataliwa ataondoka, na akiondoka mtoto nitamwacha na nani?

Septemba 11 ilikuwa Jumapili. Ilikuwa imetimia miaka 15 tangu mashambulizi ya New York, na kwenye televisheni walikuwa wanasoma majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine, familia zao zikipokezana. Mama mdogo alimpakata mtoto na kusikiliza majina yale kwa heshima yote, ingawa maneno mengine yalimpita. Akasema, "Mungu awarehemu." Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake na ile tarehe kifuani. Ilipofika saa sita usiku, alikuwa amelala. Alilala mgeni akaamka mtu asiye na ruhusa, na katika nyumba ile waliojua ni mimi na mume wangu tu.

Oktoba jirani yetu, mama wa Bukavu, alimwomba amwangalizie wanawe wawili, dola 100 kwa wiki kwa kila mtoto. Nilitakiwa nikatae palepale, kwa sababu mwenye viza ya kutembea haruhusiwi kufanya kazi ya malipo. Sikukataa. Mama mdogo alikuwa na nyumba yake Pongwe iliyosimama kwenye linta tangu alipostaafu. Kiinua mgongo kilikuwa kimeishia hapo. Sasa kila Ijumaa alihesabu pesa kitandani, akaniomba nimtumie fundi. "Nikipata ya mabati naondoka," alikuwa akisema. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimemwona nayo tangu tumzike mama.

Halafu ikaja Januari 2017. Rais mpya aliapishwa tarehe 20, na tarehe 27 akatia saini amri ya kuwazuia watu wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia ikiwa mojawapo. Columbus ina Wasomali wengi sana. Ngazini kwetu tulisikia kilio. Tanzania haikuwa kwenye orodha, lakini nani alikuwa na utulivu wa kusoma orodha? Simu zilijaa ujumbe: Uhamiaji wameonekana duka fulani, Uhamiaji wako kituo cha basi. Na viza ya Mama mdogo sasa ilikuwa imeisha hata kwa tarehe aliyokuwa anaijua yeye. Aliniuliza tena, nikamjibu kwamba ninashughulikia.

Ijumaa moja mwanzoni mwa Februari nilirudi kutoka kazini saa mbili asubuhi, nikamkuta fundi wa hita amepiga magoti sebuleni. Mafundi wa majengo yale wana ufunguo. Alikuwa amebisha, hakujibiwa, akaingia. Akaniambia nyumbani hakuna mtu. Moyo ukapasuka. Nikaenda chumbani, kitanda kimetandikwa, chupa ya maziwa iko juu ya mto bado ina uvuguvugu. Nikafungua kabati la nguo.

Alikuwa amekaa chini, juu ya viatu, magoti kifuani, kitenge kimewafunika yeye na mtoto. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinywani mwa mtoto, amnyonye asilie. Jasho linamtiririka, na nje ilikuwa theluji. Mwanamke huyu alifundisha shule za msingi miaka 34. Huko Muheza watu wazima wenye mvi wakikutana naye njiani wanashuka kwenye baiskeli kumwamkia.

"Wameondoka?" akaninong'oneza.

Jioni ile nilimsubiri mume wangu arudi, nikaitoa pasipoti chini ya kanga, nikaifungua mezani mbele ya Mama mdogo kwenye ule muhuri. Alivaa miwani yake. Aliisoma tarehe ile muda mrefu kuliko unavyoweza kusoma maneno matatu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliyofika, Mama mdogo. Uwanja wa ndege."

"Mimi nilikuuliza."

"Ndiyo, Mama mdogo."

"Nilikuuliza, ukaniambia zipo."

Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaikunja, akaenda kulala. Siku mbili hakusema na mimi. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba" akiangalia ukuta, kwa kuwa shikamoo haiachwi hewani. Mtoto alimwogesha kama kawaida, chakula alipika. Ningependa kama angenitukana.

Aliponisemesha, maneno yalikuwa ya kukata tamaa. "Kama nimeshaharibikiwa, wacha niharibikiwe moja kwa moja. Nikae miaka miwili, nimalize bati na sakafu, ndipo niende." Washauri nao hawakukosekana. Mmoja wa wanajumuiya wetu alisema azamie tu, watu wamekaa hapa miaka 20 hawajaulizwa. Mwingine alisema ajilipue, yaani aombe ukimbizi kwa maelezo ya uongo, aseme ametoka Burundi, kuna mtu wa kumwandalia maelezo kwa malipo. Huyo Mama mdogo alimjibu mwenyewe: "Mimi Mbondei wa Muheza, nikane kwetu uzeeni?"

Jumatatu, Februari 6, tulikwenda kwa mwanasheria wa uhamiaji, dola 100 kwa nusu saa. Nilitafsiri kila neno, na safari hii sikuacha hata moja. Mwanasheria alichukua kalenda ya ukutani akaanza kuhesabu kuanzia Septemba 12. Ile viza, alisema, ilikufa siku ileile muda wa muhuri ulipopita. Hilo haliponyeki. Lakini adhabu kubwa huanza baada ya siku 180: akizizidisha halafu akaondoka, hataruhusiwa kurudi miaka mitatu. Akifikisha mwaka mzima au zaidi, miaka 10. Leo ni siku ya 148.

Mama mdogo aliiomba ile kalenda. Alihesabu upya yeye mwenyewe, mwezi kwa mwezi, midomo ikicheza, kama anavyosahihisha daftari. Akafika Machi 10. "Hesabu yake ni sahihi," akaniambia. Kisha akauliza swali moja tu: kama sheria hiyo inajali mtu akifiwa. Nikatafsiri. Mwanasheria akasema kufiwa hakuondoi adhabu. Bibi yetu, mama yake, alikuwa na miaka 86 wakati ule. Akizamia, hatamzika. Akitoka kwenda kumzika, hatarudi mpaka awe na miaka zaidi ya 70. Ndani ya gari hakusema kitu mpaka tulipofika taa za pili.

"Nitafutie tiketi. Ya mwezi huu."

Ile ya kwanza ilikuwa imeshakufa, nikanunua nyingine kwa mkopo wa kadi. Jumamosi, Februari 25, tulimpeleka. Alivaa gauni lake la ualimu, akabeba bahasha yenye kila karatasi aliyonayo, hata cheti cha kustaafu, kwa kuwa aliamini watamhoji na kumfunga kabla ya kupanda. Nilimweleza kwamba Marekani haina dirisha la uhamiaji la kutokea, kwamba shirika la ndege hupeleka majina ya abiria na hapo ndipo serikali inapojua umeondoka. Hakuniamini. Na kwa nini aniamini? Mikono ilimtetemeka pale mhudumu alipoifungua pasipoti. Yule dada aliangalia picha, akaangalia uso, akaliangalia begi.

"Limezidi kilo tatu," akasema.

Ndani kulikuwa na vitasa vya milango ya Pongwe alivyonunua kimojakimoja, kila Ijumaa, vizito, vya shaba. Tulipiga magoti sakafuni, tukatoa viwili na furushi la bawaba. Akavifunga kwenye khanga aliyokuwa amejitanda, akanipa. "Vya chumba cha wageni hivi. Utaniletea." Akambusu mtoto utosini, akanishika shavu, akaingia kwenye foleni bila kugeuka.

Bati halikutosha mwaka ule. Liliezekwa mwaka uliofuata.

Julai 2019 nilikwenda Tanga na mtoto wa miaka mitatu na vitasa viwili. Bibi alikuwa bado yupo, ametusubiri barazani. Usiku wa tatu, fundi ameshakifunga kitasa cha chumba tulicholala, Mama mdogo alikuja na miwani yake na pasipoti mpya. Alitaka kujaribu tena, aje siku ya kuzaliwa ya mjukuu wake, wiki tatu tu. Nikafungua kompyuta. Fomu ya viza ina maswali mengi. Tulijaza kwa taratibu mpaka tukafika pale wanapouliza kama umewahi kupitiliza muda uliopewa Marekani.

"Tunaandika nini hapo?" akauliza.

"Ndiyo."

Nilipobonyeza, kikafunguka kisanduku cha kueleza. Nilikitazama. Yeye akasogeza kiti karibu, akaipandisha miwani puani.

"Andika ilivyokuwa. Mtoto, kazi yako, na kwamba nilikuuliza." Akasubiri nianze kuandika. "Na tarehe uziweke. Zote."