Jinsi nilivyopunguza hatari kwa wageni wa mazoezi makali ya kikundi

Katika kikundi cha mazoezi ninachokisimamia Dar es Salaam, wageni walifika wakiwa na ari, wakajaribu kwenda sambamba na wenyeji waliokuwa wakishindana na saa, hadi mmoja wao akalazwa baada ya mkojo wake kuwa mweusi kama chai ya rangi. Daktari alisema ni rabdomiolisisi, yaani kuvunjika kwa misuli kunakomwaga mayoglobini, protini ya misuli, katika damu na kuweza kuharibu figo. Hatari hiyo haikuwa siri, kwani Greg Glassman, mwanzilishi wa CrossFit, mfumo wa mazoezi makali ya kikundi ulioanzia Marekani, aliiandikia makala mwaka 2005.

Nilianza kwa kuwaondolea wageni saa na ubao wa matokeo. Mgeni sasa hapimwi muda. Hufanya nusu ya mizunguko na kupumzika kabla hajachoka kabisa. Zoezi la kujishusha polepole kutoka kwenye chuma cha kuning'inia nililiondoa katika majuma ya mwanzo, kwa sababu msuli unaorefuka huku ukibeba uzito ndio unaoumia zaidi. Wanariadha wa zamani waliorudi baada ya kukaa muda mrefu niliwaweka katika utaratibu huo huo wa wageni, wakanung'unika (hao ndio wa kuogopwa, maana ari yao bado inazidi uwezo wa misuli yao). Vipindi vya mchana nilivihamishia alfajiri ili kukwepa joto. Kila anayejiunga huelezwa kwamba maumivu makali yasiyo ya kawaida, uvimbe, udhaifu au mkojo mweusi humpeleka hospitali siku hiyo hiyo, bila kumeza dawa za maumivu na kusubiri. Tangu hapo hajalazwa mgeni mwingine.