Mabuti hayakulowa
Juni 2024 nilifika mto Gaula, Norwei, nzi wangu wa manyoya, chambo bandia cha kuvulia samaki, keshafungwa kwenye mshipi. Nikaambiwa nikunje vitu: uvuvi wa samoni umesitishwa, mito 33 kwa mpigo, maana samaki hao waliorudi mtoni kutoka baharini kuzaliana ni wachache mno. Nikaketi juu ya jiwe na mabuti yangu marefu, makavu kabisa.

Kinachonichanganya ni hiki: 2022, Bristol Bay kule Alaska, walivua samoni wekundu wapatao milioni 60 msimu mmoja! Na Alaska hiyohiyo, mto Yukon, uvuvi wa samoni wakubwa aina ya chinook umefungwa kwa miaka 7 kwa makubaliano na Kanada. California nako, 2023 hakuna aliyeruhusiwa kuwavua baharini. Nzi wangu bado yuko kwenye kiboksi, hajaguswa na maji.